Bushi za Mpini wa Jembe

Kuna neno nililolisema ndani ya kigari cha kijani cha viti viwili, Ijumaa mchana, kwenye barabara iendayo Limuru. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Sikudanganya, wala sikusengenya mtu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kulikumbuka nikabaki na hamu ya chakula kilicho mbele yangu.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitaandika mambo yalivyokuwa na basi.

Gereji yetu ilikuwa Ngara, nyuma ya safu ya maduka, mahali ambapo baadaye walijenga ghorofa. Mwenye gereji alikuwa Mhindi mnene, mwenye sauti kubwa na moyo mwoga. Wafanyakazi tulikuwa wawili, meza moja ndefu ya mbao, vaisi moja ya kubania vyuma, na mashine ya kukereza iliyokuwa kuukuu kabla hatujazaliwa. Mimi nilikuwa nimetoka magharibi kwa garimoshi kutafuta kazi yoyote. Mwenzangu alikuwa mtu wa Kinoo, alinizidi kwa miaka kama kumi, na ndiye aliyenifundisha kila kitu kilichokuja kunilisha maisha yangu yote. Nilimwita fundi. Yeye aliniita mla kumbikumbi.

"Mla kumbikumbi, lete spana ya nusu."

"Hii hapa, mla viazi."

"Hii ni ya tano kwa nane. Huko kwenu hamkuhesabu?"

"Tulihesabu. Tulihesabu viazi vyenu, tukachoka."

Ndivyo tulivyoshinda siku nzima. Hakucheka kwa sauti. Alipofurahi alikuwa anapuliza hewa puani kama ng'ombe, kisha anaendelea na kazi.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuitania. Mwanzoni kabisa, wiki yangu ya tatu hivi, mteja mmoja aliniuliza kama naweza kubadilisha breki za gari lake. Nikasema labda, sijui, ngoja fundi arudi. Fundi alikuwa amerudi, yuko nyuma yangu. Alingoja mpaka mteja akaenda, akaniita mezani.

"Nilikufundisha breki au sikukufundisha?"

"Ulinifundisha."

"Basi kwa nini unanitukana mbele ya watu?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto jina la baba yake. Mtu aliyefundishwa akiulizwa kama anaweza, hasemi labda. Akisema labda, amesema mwalimu wake hajui kufundisha. Alifundishwa hivyo na Mgoa mmoja mzee aliyekuwa bwana wake wa kwanza, na yeye angenifundisha hivyo hivyo. "Sema: naweza, nimefundishwa. Maneno mawili. Usiongeze, usipunguze." Alinifanya niyarudie pale pale, nikiwa nimeshika tambara la grisi, mpaka nikayasema bila kusita. Baada ya hapo nimeyasema kwa wateja wengi, na kila mara nilimsikia akipuliza hewa puani upande wa pili wa meza.

Jumapili nyingi, kabla mambo hayajaharibika, tulikuwa tunatoka kanisani kila mtu na lake kisha tunaenda kwa mama yake Kinoo. Tulitembea, kupita mashamba ya kahawa ya Wazungu pale ambapo siku hizi watu wamejenga nyumba za Mountain View, kupita Kangemi, mpaka juu. Mama yake alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Alitupikia githeri ya mahindi na maharagwe, akanilazimisha nile mara mbili, akisema mtu asiyekuwa na mama karibu hula kama mwizi, kwa haraka.

Ni hapo Kinoo fundi alipopata kile kipande cha mti. Mpini wa jembe la mama yake ulikuwa umevunjika. Ulikuwa wa mutamaiyu, mti mgumu unaokaa miaka mingi bila kuliwa na mchwa. Mama alitaka kuutia jikoni. Fundi akauchukua.

"Huu unaenda mjini kufanya kazi," alisema.

"Na mimi nitalima na nini?"

"Nitakuletea mwingine."

"Utaleta, utaleta. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo."

Alimletea mpini mpya Jumapili iliyofuata. Ule wa zamani aliuweka chini ya meza yetu, na hapo ndipo nilipoona kazi ya mikono ambayo sijaiona kwa fundi mwingine tena.

Nieleze kidogo, kwa wasiojua magari. Mkono wa gia anaoushika dereva haufiki wenyewe mpaka kwenye gia. Chini ya sakafu kuna vyuma vyembamba vinavyoupokea mwendo wake na kuupeleka kwenye sanduku la gia. Pale chuma kinapokutana na chenzake pana pini, na pini hiyo imelala ndani ya kipete kinachoitwa bushi. Bushi ikilika, pini inacheza, na mkono wa gia unalegea kama jino bovu. Dereva anatafuta gia ya pili, anaipata ya nne, au hapati chochote ila kelele.

Magari ya kawaida, bushi zake zilikuwa dukani. Vile vigari vya mbio vya Wazungu, vya kukaa watu wawili na kulala chini kama mjusi, bushi zake ziliagizwa ng'ambo na kuja kwa meli, miezi mitatu. Fundi hakungoja meli. Alikata kipande cha ule mpini, akakichemsha ndani ya mafuta ya mbarika kwenye kopo, moto mdogo wa makaa, mpaka povu likome. Povu likikoma, maji yote yametoka kwenye mti. Hapo anaondoa kopo motoni na kuuacha mti upoe humo humo ndani ya mafuta hadi kesho yake, ili uyanywe. Kisha anaukereza kwa mashine, anatoboa, anaingiza mahali pake kwa vaisi, na kulainisha tundu kwa msasa uliozungushwa kwenye msumari. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa hiki: unasimamisha pini juu ya tundu na kuiachia. Isikwame, na isianguke. Inapaswa kushuka yenyewe taratibu, kama mtu mzima anavyoketi.

Mwaka ule wa hali ya hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni, kigari cha kijani kililetwa Jumatatu. Mwenyewe alikuwa Mzungu wa ofisi moja ya serikali, kijana, mwenye nywele nyekundu na saa kubwa. Gia zilikuwa zimelegea kabisa, na alitaka kwenda nalo kwenye mashindano ya magari upande wa Nakuru mwisho wa wiki hiyo. Fundi aliingia chini yake, akafungua vyuma vyote vya gia, akavipanga juu ya gunia kwa mpangilio vilivyotoka. Pini akazitia kwenye kopo la maziwa. Bushi zilikuwa nne, zote zimelika, moja imebaki ukoko tu.

Jumanne asubuhi askari walikuja. Walizunguka mtaa wote wa Ngara kwa malori, wakatutoa sote nje, Mhindi akiwa mlangoni ameshika daftari lake kifuani kama ngao. Walitazama vipande vyetu vya utambulisho. Wakikuyu, Waembu na Wameru huku, wengine kule. Mimi nilikuwa wa kule, fundi wa huku. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha gurudumu. Fundi alikuwa na mikono imejaa oili, na alipoambiwa aiinue juu, oili ilimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Mlangoni mwa lori aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Pini ziko kwenye kopo la maziwa," alisema. "Usizipoteze."

Askari akamsukuma. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Jumatano Mhindi alifunga safari kwenda kwenye kambi walikowekwa, nje ya mji. Nitamtendea haki: mtu mwoga vile, alienda. Alirudi jioni na kuniita ofisini, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akafunga mlango.

"Wewe sikia vizuri. Jumamosi asubuhi garimoshi nachukua yote, napeleka mbali. Mbali sana, kwa jua kali. Ikienda, imekwisha. Lakini karani moja iko pale, yeye nasema hivi: kama mwenye kazi naandika barua, hii mtu iko ya lazima, hakuna mtu ingine naweza hii kazi, na Mzungu ya serikali naweka sahihi, mtu naweza toka kabla ya Jumamosi."

"Mzungu gani ataweka sahihi?"

Alinyoosha kidole ukutani, upande kigari kilipokuwa.

"Huyu. Yeye napenda hii gari kama bibi. Ijumaa nakuja chukua. Kama gari iko mzuri, yeye nafurahi, mimi natoa barua hapo hapo. Kama gari iko mbaya, yeye nakasirika, mimi natoa barua gani? Sasa sema. Wewe naweza maliza hii gari mbele ya Ijumaa?"

"Naweza," nilisema. "Nimefundishwa."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Gari likitengenea, barua itasainiwa. Barua ikisainiwa, fundi atarudi mezani. Sikuwahi kufanya bushi za mti peke yangu. Nilikuwa nimetazama tu, na kushika kopo.

Nilitoa mpini chini ya meza. Nilikata vipande viwili, nikawasha makaa, nikachemsha. Harufu ya mafuta ya mbarika ikijaa gereji ilikuwa kama yuko pale, na mara mbili niligeuka kumwambia kitu. Alhamisi asubuhi nilianza kukereza. Bushi ya kwanza ilipasuka kwa sababu nilikata nyuzi za mti zikiwa zimekaa mshazari. Niliitazama nikasikia sauti yake waziwazi: mla kumbikumbi, unakata mti au unakata mboga ya sukuma? Nikachukua kipande kingine, nikaziweka nyuzi zielekee pini inavyolala, nikakata pole pole. Ya pili ikakubali. Kufikia saa nane nilikuwa na nne.

Hapa kuna jambo ambalo lazima nilitaje. Nilipokuwa ndani ya shimo la kazi, chini ya kile kigari, nikiingiza bushi ya mwisho, wazo lilinijia. Niliwaza: je, nikiiacha hii ya mwisho ilegee? Gia zitaingia, lakini vibaya. Mzungu ataona kwamba bila yule mwingine kazi haitimii. Nilishika ile bushi mkononi muda mrefu. Lakini Mhindi alikuwa amesema Mzungu akikasirika hakuna barua, na zaidi ya hayo mikono yangu haikutaka. Ilikuwa imefundishwa na mtu mmoja tu, na haikujua kufanya kazi mbaya kwa makusudi. Nikasimamisha pini juu ya tundu, nikaiachia. Ikashuka taratibu. Ikaketi.

Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi sana, peke yangu shimoni, mtu wangu akiwa ndani ya waya wa kambi.

Ijumaa Mzungu alikuja kabla ya saa sita. Mhindi alikuwa amevaa koti. Barua ilikuwa imepigwa taipu, iko mfukoni mwake, na kila mara aligusa mfuko kuhakikisha. Waliongea kwa Kiingereza. Nilielewa kidogo: Mhindi alimweleza habari za fundi, akaitoa barua nusu, na Mzungu akasema kwanza ajaribu gari. Kisha akaniashiria niingie nikae pembeni mwake. Wakati ule ilikuwa ajabu mtu mweusi kuketi mbele katika gari kama lile. Alitaka niwe karibu, kama kuna kitu cha kukaza nikikaze.

Tulitoka Ngara, tukazunguka juu, tukashika barabara ya Limuru ya kupitia Kangemi. Tulifika mteremko wa kwanza baada ya nyumba za Wazungu kwisha. Alibadilisha gia juu, akabadilisha chini, akabadilisha tena. Mkono wa gia uliingia kila mahali bila sauti. Akaanza kutabasamu. Tulipita mashamba ya kahawa, tukapita Kangemi, na kule mbele, upande wa Kinoo, niliona kijiji kipya ambamo serikali ilikuwa imewahamishia watu, nyumba zimebanana ndani ya mzingo wa handaki na miti iliyochongwa ncha. Mama wa fundi alikuwa humo. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imechomwa. Mzungu aligeuza gari hapo hapo, mbele ya lango, kwa gia ya kwanza, laini kabisa.

"Mzuri," alisema. "Mzuri sana. Nani natengeneza hii?"

"Alianza fundi, bwana. Yule aliyechukuliwa."

"Najua. Yeye naondoa vyuma tu. Hii mpya, nani natengeneza?"

"Mimi, bwana."

"Ya chuma?"

"Ya mti."

Akacheka, akapiga usukani kwa kiganja. "Ya miti! Na wewe naweza fanya tena kama hii? Peke yako? Bila ile mtu?"

Huo ndio wakati wenyewe. Barabara ilikuwa tupu. Ningeweza kusema siwezi. Ningeweza kusema nilibahatisha, ningeweza kusema ni yeye aliyekata mti kabla hajakamatwa, ningeweza hata kunyamaza na kutazama kahawa. Nimepanga majibu ya uongo ya kutosha kujaza daftari tangu siku hiyo. Lakini niliulizwa kama naweza, na mdomo ulikuwa umefunzwa jibu moja.

"Naweza, bwana," nilisema. "Nimefundishwa."

Nilisema kwa ajili yake. Nilitaka Mzungu ajue ni mwalimu wa aina gani amelala chini kwenye kambi. Na sitaficha: nilisema pia kwa sababu ilikuwa tamu kuulizwa, nikiwa kwenye kiti kile cha ngozi, na upepo usoni.

"Aah," alisema Mzungu. Akabadilisha gia.

Tuliporudi gereji, Mhindi alikuwa bado amesimama pale pale tulipomwacha. Mzungu alimpa mkono, akamsifu, akalipa. Mhindi akaitoa barua yote na kalamu. Mzungu akaisoma, akaikunja vizuri katikati, akamrudishia. Aliongea kwa upole, kama mtu anayekataa chai ya pili. Nilisikia "kweli" na "sahihi" kwa Kiingereza chake, kisha akaninyooshea kidole, kwa wema kabisa. Kisha akaondoka, na gia hazikulia hata mara moja mpaka alipopinda kona.

Mhindi alinijia polepole.

"Wewe nasema nini kwa yeye?"

"Aliniuliza kama naweza kufanya tena peke yangu."

"Na wewe nasema nini?"

"Nilisema naweza."

Alifunika uso kwa ile barua. Alipoiondoa, hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Hii barua nasema hakuna mtu ingine. Yeye nasema, mimi iko mtu ya serikali, mimi hapana weka sahihi kwa uongo, mtu ingine iko, yeye mwenyewe naniambia. Umeona? Wewe ndiyo hiyo mtu ingine."

Nilitaka kukimbia nyuma ya gari. Akanishika shati.

"Unaenda wapi? Utasema nini? Utasema gia yake iko mbaya?"

Jumamosi alfajiri, marufuku ya kutembea ilipoisha tu, nilitoka mbio kwenda nyumbani kwa yule Mzungu. Nilijua nyumba, ilikuwa upande wa magharibi wa mji, karibu na mwanzo wa kahawa. Nilikuwa nimeamua kusema uongo. Niliurudia njiani kama nilivyowahi kurudia yale maneno mawili: bwana, nilijisifu, siwezi, yule ndiye anayeweza. Nilimkuta mpishi wake akimwaga maji ya vyombo nyuma ya jikoni, mtu wa kwetu magharibi.

"Bwana yupo?"

"Ameenda Nakuru na kile kigari chake. Ametoka kabla hakujapambazuka."

"Gari halikumsumbua?"

"Limsumbue wapi. Siku nyingine kabla hajafika langoni analia na hizo gia na kutukana mpaka mbwa anajificha. Leo kimya. Nani amelitengeneza?"

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Kama ningeiacha ile bushi ya nne ikilegea, ningemkuta.

Nikashuka mpaka stesheni nikiwa sina pumzi. Sikuruhusiwa kukaribia. Nilisimama ng'ambo ya ua na watu wengine, wanawake wengi, na tuliona mabehewa yakipita yamefungwa, na vidole kwenye nafasi za mbao. Vidole havina majina. Huenda vyake vilikuwamo, huenda havikuwamo.

Jumatatu Mhindi alinipa ufunguo wa sanduku la zana la fundi na kuniambia nisogee upande wa dirisha, mahali pake. Nilisogea. Kazi nyingine sikuwa nayo. Mzungu wa kigari cha kijani alinisifu kwa wenzake, na wakaanza kuja na vigari vyao vilivyolegea gia. Kila mmoja aliniuliza kama naweza. Nilitikisa kichwa kukubali. Yale maneno mawili sikuyasema tena kwa mtu yeyote.

Ule mpini sikuugusa tena. Nilitafuta mti mwingine.

Mvua mbili zikapita. Siku moja, mchana, mama wa fundi alisimama mlangoni mwa gereji. Alikuwa na cheti cha ruhusa ya kutembea amekifunga kwenye ncha ya leso, na miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, maana alikuja kwa miguu. Nilimletea sanduku akae. Hakukaa.

"Amekufa," alisema. "Kwa kuhara. Mmoja aliyerudi ameniambia. Wamemzika huko huko, wengi shimo moja."

Nilisema pole, mama. Hakuna neno dogo kuliko hilo. Mhindi alitoka ofisini, akamwona, akarudi ndani.

"Nipe vitu vyake."

Nilimpa sanduku la zana. Akalisukuma kwa mguu, akasema mwanamke mzee atalibebaje hilo, kaa nalo. Akainama akatazama chini ya meza, akauvuta ule mpini wake. Akaupima kwa macho, halafu kwa kiganja.

"Ulikuwa mrefu kuliko huu. Nani amekata?"

Basi nikamwambia. Sikujiandaa, lakini nikamwambia yote: gari, barua, njia ya Limuru, mpaka tulivyogeuza mbele ya lango la kijiji chake. Nikamwambia nilivyoulizwa na nilivyojibu. Alisikiliza akiwa ameegemea ule mpini kama ungali na jembe.

"Kwa hiyo ungesema huwezi, angetoka?"

"Nadhani angetoka, mama."

"Unadhani?"

"Angetoka."

"Na kwa nini hukusema?"

"Yeye mwenyewe alinikataza kusema hivyo."

Akahamishia mpini mkono wa pili. Kisha akapuliza hewa puani, vile vile kabisa kama mwanawe, nami nikageuza uso.

"Huyo alikuwa na kiburi tangu akiwa mgongoni," alisema. "Na wewe, kati ya yote aliyokufundisha, ukashika hilo."

Akaenda zake na kile kipande cha mpini begani.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inakwisha, yule Mzungu alitaka kurudi kwao na akauza kigari. Aliyenunua akakileta kwetu, akiwa na bushi mpya za kiwandani, amezingoja kwa meli. Alitaka zile za mti zitolewe, hakuziamini. Niliingia shimoni. Nilifungua vyuma nikijiambia zitakuwa zimelika, na nilitaka ziwe zimelika. Ningepata kitu cha kujilaumu kidogo zaidi, au kidogo pungufu, sijui. Nikasimamisha pini juu ya tundu la ile ya nne, nikaiachia. Ikashuka taratibu, ikaketi, kama siku ile.

Jumapili nilizifunga kwenye karatasi nikapanda Kinoo. Tangu siku ile ya gereji sikuwa nimekwenda. Mama alikuwa amezeeka, ameinama, ana nyumba ndogo ya mabati, na hakuonyesha kushangaa. Alikuwa anachemsha chai. Nilifungua karatasi mbele yake.

"Ni nini?"

"Ni mpini wako, mama. Ule uliokatwa. Zimefanya kazi mpaka juzi, na bado nzima."

Alizichukua moja moja, akazigeuza, akatia kidole cha mwisho ndani ya tundu. Akauliza kama ni mwanawe aliyezitengeneza. Nikasema hapana, ni mimi.

"Basi siyo zake," alisema.

Akazitia chini ya sufuria, zote nne. Zilishika moto upesi kwa sababu ya mafuta, zikawaka kwa mwanga mweupe, bila moshi, na kwa dakika chache chumba kikajaa ile harufu ya mbarika. Chai ilipofura aliiepua, akanimiminia kikombe kimoja, akakiweka chini karibu na mguu wangu.

"Kunywa," alisema. "Kisha uende, kabla jua halijashuka."

Nikanywa, kwa haraka.